Virusi vya kompyuta huingia kwa mlango gani? Maelezo kwa wenye kompyuta nyumbani mkoani Katavi

Zilikuwa zimebaki dakika kumi kabla ya taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni. Mwenzetu aliyerudi kutoka Karema alichomeka flashi yake kwenye kompyuta ya studio ili tuchukue ripoti ya sauti aliyoirekodi bandarini. Folda zilionekana zote, kwa majina yake yale yale, lakini kila moja ilikuwa na mshale mdogo kwenye kona. Ukibofya, skrini inapepesa kidogo, kisha hakuna kitu. Taarifa ya habari ikasomwa bila ripoti ya Karema, na kabla ya usiku kuisha flashi nyingine tatu za hapa ofisini zilikuwa na mishale ile ile.

Tulipomuuliza mwenzetu alikoipeleka flashi, alisema hakuwa ameingia intaneti siku nzima. Alipita tu steshenari moja kuchapisha barua.

Tumeanza na kisa chetu wenyewe kwa sababu wasikilizaji wengi wanaotuandikia kuhusu virusi wanaamini kwamba asiyeingia sana mtandaoni yuko salama. Huku kwetu sivyo. Laptopu nyingi tunazoziona Inyonga, Majimoto, Usevya au mitaa ya Mpanda zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika, zimekuja kwa basi au kwa treni ya kutoka Tabora, na intaneti yake ni hotspoti ya simu inayowashwa nusu saa na kuzimwa bando lisiishe. Ndani yake mna hesabu za kikundi cha vikoba, orodha ya wanachama wa ushirika wa tumbaku, picha za harusi, vyeti vya watoto. Mashine kama hiyo haifikiwi sana kwa waya. Inafikiwa kwa mkono, kwa kitu kilichobebwa mfukoni au kwa mtu anayepiga simu.

Kirusi ni kitu gani hasa

Mkulima wa mahindi atatuelewa haraka. Dumuzi aliyeonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuingia ghalani kwa kuvunja ukuta. Aliingia ndani ya gunia ambalo kwa nje lilionekana zima, na baada ya miezi unga ukaanza kudondoka. Kirusi cha kompyuta ni programu, maagizo yaliyoandikwa na binadamu, iliyofichwa ndani ya kitu unachokitaka: wimbo, filamu, barua au mchezo. Ukikifungua kile unachokitaka, maagizo nayo yanaanza kazi, na kazi yake ya kwanza kwa kawaida ni kujinakili kwenda kwenye gunia linalofuata.

Baada ya hapo vinatofautiana. Kuna vinavyoficha mafaili tu na kuweka mishale ya uongo, kama kile cha kwetu. Kuna vinavyokaa kimya vikirekodi kila herufi unayobonyeza ili kupata nywila zako. Hivi ndivyo vibaya zaidi kwa maoni yetu, maana mashine inaendelea kufanya kazi vizuri na mwenyewe hashtuki. Halafu kuna vinavyofunga mafaili yako yote kwa kufuli la siri na kukutaka ulipe ili ufunguliwe.

Kilichojulikana zaidi katika kundi hili la mwisho ni WannaCry, kilichoanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017 na kufika katika nchi takriban 150. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha matibabu kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa, na skrini zilidai malipo ya dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Tunakitaja kwa sababu moja. Tundu ambalo kirusi hicho kilipitia lilikuwa limeshatengenezewa kiraka na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizoanguka ni zile ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka hicho.

Flashi, memori kadi na vibanda vya nyimbo

Kompyuta ya steshenari inapokea flashi za watu wengi kwa siku moja. Mwanafunzi ana fomu, mwalimu ana mtihani, mchungaji ana barua ya mwaliko, na wote wanapita kwenye tundu lile lile. Kibanda cha kuingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi ni hivyo hivyo. Hatusemi wenye biashara hizi ni wabaya. Wengi wao ndio wanaoumia kwanza, na wanasafisha mashine zao kila wiki kwa gharama zao. Lakini flashi iliyotoka huko ichukulie kama gunia lililotoka kwenye ghala usilolijua.

Utaratibu tuliojiwekea baada ya siku ile ni kuwa na flashi mbili. Moja ni ya kutembea: inabeba tu lile faili linalokwenda kuchapishwa, na haina kitu kingine. Ya pili haitoki nyumbani kabisa. Ile ya kutembea ikirudi, hatuibofyi mara mbili. Tunabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la flashi, tunachagua kuikagua kwa antivairasi, tunasubiri. Dakika mbili au tatu tu. Kama una kile kishikizo cha kuwekea memori kadi ndogo ili iingie kwenye kompyuta, utaona pembeni kina kidude kidogo cha kusogeza. Ukikishusha, kompyuta nyingi zitasoma kadi lakini hazitaandika chochote juu yake, na kirusi cha steshenari hakitapata pa kukaa.

Jambo jingine ni majina ya mafaili. Kila faili lina mkia wa jina lake: wimbo huishia na mp3, video mp4, barua docx au pdf. Programu ya kompyuta huishia na exe. Windows kwa kawaida huficha mikia hii, na wenye virusi wanalijua hilo. Wanaita faili «harusi.mp4.exe», wewe unaona «harusi.mp4» tu, unabofya ukitarajia kuona bibi harusi. Fungua dirisha la mafaili, nenda sehemu ya mwonekano, washa onyesho la mikia ya majina. Ukishaona filamu inayoishia na exe, ifute bila kuifungua.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji kununua kitu. Windows 10 na Windows 11 zinakuja na kinga yake iitwayo Microsoft Defender, bila malipo, na kwa nyumba nyingi inatosha kama imewashwa na inapata taarifa mpya. Tumekutana na watu waliolipia antivairasi mbili wakidhani ulinzi utaongezeka maradufu. Zinagombana zenyewe kwa zenyewe na mashine inakuwa nzito kama baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa.

Windows ya kunakili na suala la bando

Hapa kuna wasikilizaji watakaotukasirikia. Laptopu nyingi za mtumba zinauzwa zikiwa na Windows ambayo fundi ameiweka kwa programu ya kuvunja kufuli, wengi wanaiita kraki. Kabla ya kuiendesha kraki, maelekezo yake karibu daima yanasema: zima antivairasi kwanza. Fikiria mgeni anayekuambia umfunge mbwa kwanza ndipo aingie. Baadhi ya kraki zinafanya kazi hiyo moja tu na kuondoka, lakini nyingine zinaacha mtu ndani, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuzitofautisha. Tunaelewa bei ya leseni ilivyo kubwa kwa mkulima. Lakini unaponunua mashine, muulize muuzaji kama ilikuja na leseni yake kutoka kiwandani, maana laptopu nyingi za kampuni zinakuja nayo, na fundi anaweza kuirudisha bila kraki. Ikishindikana kabisa, kuna Linux Mint na Ubuntu, mifumo inayotolewa bure kihalali, inayotosha kwa kuandika, hesabu na intaneti.

Toleo nalo lina maana. Microsoft iliacha kuitengenezea viraka Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Windows 10, watumiaji wa nyumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha ili waendelee kupata viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Bado tunaziona Windows 7 kwenye meza nyingi hapa mjini. Mashine kama hiyo itumie kwa kuandika na kupiga hesabu, lakini usiingie nayo benki wala barua pepe.

Swali tunaloulizwa zaidi ni la bando. Masasisho ya Windows yanaweza kumaliza bando la wiki kwa usiku mmoja, na watu wanayazima yote ili kuokoa fedha. Usiyazime. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao na uiambie Windows kwamba hotspoti yako ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Ikijua hivyo itaacha kushusha mizigo mikubwa bila ruhusa. Kisha chagua siku moja kwa mwezi, nunua bando la usiku au nenda mahali penye waifai unayoiamini, uiache ijisasishe mpaka mwisho. Kwa aliye kijijini kabisa, taarifa mpya za Defender pia zinapatikana kwenye tovuti ya Microsoft kama faili moja ambalo mtu aliye mjini anaweza kulipakua na kukuletea.

Unapotumia kompyuta ya watu

Wengi wanaotusoma hawana kompyuta, wana simu. Lakini ombi la mkopo wa elimu ya juu, ajira za serikali, matokeo ya mtoto, vyote vinakupeleka steshenari. Unatuma kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa kwa WhatsApp ya kijana wa dukani, anachapisha, unalipa, unaondoka. Nakala zako zimebaki. Zitakaa kwenye ile simu na ile kompyuta miaka, mpaka siku mtu mwingine atakapozihitaji.

Muombe afute mbele yako, kwenye kompyuta na kwenye mazungumzo, na akumbuke kapu la takataka. Si kumvunjia heshima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazitunze na wasizitumie kwa jambo jingine. Kama uliingia kwenye barua pepe yako pale dukani, toka kabisa kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta kwa kupiga picha ile alama ya mraba, fungua simu yako, tafuta sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uondoe kila kifaa usichokitambua. Msikilizaji mmoja wa Mlele alituambia aligundua baada ya wiki mbili kwamba mazungumzo yake yote yalikuwa bado wazi kwenye kompyuta ya duka.

Namba yako ya NIDA ikizagaa, mtu anaweza kujaribu kusajili laini kwa jina lako. Piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafungwe. Fanya leo, haina gharama.

Mdukuzi mwenye sauti ya upole

Neno mdukuzi linatuletea picha ya kijana aliyejifungia gizani na skrini nne. Anayetufikia sisi ni mtu anayeongea vizuri. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za miaka ya karibuni zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Rukwa ni jirani zetu. Hadi mwaka 2012 tulikuwa mkoa mmoja nao. Kwa hiyo tusidhani mtu anayepiga yuko mbali na kwamba lafudhi yake itamtoa.

Ule ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» kila mtu anaujua sasa. Zinazoangusha watu siku hizi ni njia mbili nyingine. Ya kwanza ni simu ya mtu anayejiita fundi wa benki au wa mtandao, anakuomba uweke programu ya AnyDesk kwenye kompyuta au simu ili «akusaidie». AnyDesk yenyewe ni programu halali. Kazi yake ni kumruhusu mtu aliye mbali aione skrini yako na kuitumia kana kwamba amekaa kwenye kiti chako, na ukimpa ile namba inayoonekana, na ukamkubalia, umempa kiti. Ya pili ni namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe mfupi, kisha mtu unayemfahamu anakuandikia WhatsApp: samahani, nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, naomba nitumie. Huyo si shangazi yako. Ni mtu aliyeshaiteka akaunti ya shangazi yako na sasa anaitaka ya kwako. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa.

Watoa huduma wa simu hapa nchini wanakupigia kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akijitambulisha kuwa huduma kwa wateja, kata. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, utajibiwa uandike namba iliyoutuma. Ni bure.

Kuna programu za mikopo ya haraka pia. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Waliozitumia wanajua maumivu yake: unapoisakinisha inaomba kusoma orodha ya namba zako zote, na ukichelewa siku moja, mkwe wako, mwalimu wa mtoto na mwenyekiti wa kijiji wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Kitaalamu hakuna aliyedukuliwa, kwa sababu ruhusa uliitoa mwenyewe kwa kubonyeza «kubali». Programu ya mkopo haina haja ya namba ya mkwe wako.

Kuhusu nywila tutasema machache. Barua pepe yako iwe na nywila yake peke yake, isiyotumika popote pengine, kwa sababu akaunti nyingine zote hurudishwa kupitia hiyo. Sentensi ndefu unayoikumbuka wewe, tuseme maneno manne yasiyohusiana, ni ngumu kuliko «mpanda123». Ukiiandika kwenye daftari na daftari likakaa ndani ya sanduku nyumbani, hakuna mdukuzi wa mbali atakayelisoma. Namba ya siri ya pesa za simu usiihifadhi kwenye kompyuta hata kidogo.

Kikishaingia

Dalili ni hizi: mishale kwenye folda, matangazo yanayoruka bila kuitwa, mashine inayochemka wakati hufanyi kitu, bando linaloyeyuka, marafiki wanaopokea ujumbe ambao hukuutuma. Zima hotspoti kwanza. Usichomeke flashi nyingine kuokoa mafaili kwa haraka. Ndivyo sisi tulivyopoteza flashi tatu. Endesha ukaguzi kamili wa Defender, na kama kirusi ni king'ang'anizi, chagua ule ukaguzi unaofanyika kompyuta ikiwa imejizima na kujiwasha kabla Windows haijaamka. Nywila zako zibadilishe kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, ukianza na barua pepe. Ukizibadilisha kwenye mashine yenye kirusi kinachorekodi herufi, umemkabidhi mpya pia.

Kama mafaili yamefungwa na unadaiwa fedha, usilipe kwa pupa. Kulipa hakuhakikishi kufunguliwa. Kinachookoa ni nakala ya pili iliyokaa pengine, nje ya mashine: ile flashi isiyotoka nyumbani, au diski kuu ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, ikakamilisha kazi na kuchomolewa. Ikiachwa imechomekwa muda wote, kirusi kitaifunga pamoja na kompyuta. Kwa kikundi cha vikoba tunashauri pia hesabu za kila mwezi zichapishwe na kuwekwa kwenye faili la karatasi kwa mweka hazina.

Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukiibiwa, nenda kituo cha polisi na ushahidi. Usifute ujumbe. Piga picha ya skrini, andika tarehe, saa na namba.

Na kwa aliyekumbwa na ile mishale: mafaili yako kwa kawaida hayajapotea, yamefichwa tu. Safisha kwanza flashi na kompyuta kwa antivairasi, la sivyo yatafichwa tena. Kisha fungua lile dirisha jeusi la maagizo kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, na uandike mstari huu, ukiweka badala ya E herufi ambayo kompyuta yako imeipa flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda za kweli zitatokea kando ya zile za uongo. Nakili zako, futa zenye mishale. Ndivyo tulivyoipata ripoti ya Karema, siku mbili baadaye, na ikasomwa kwenye taarifa ya asubuhi. Flashi ile bado tunayo. Ina utepe mwekundu, na ndiyo pekee inayoruhusiwa kwenda steshenari.